Mate ya Watoto wa Navakholo

Jambo la kwanza nitakalowaambia, vijana mnaoanza kazi ya maabara, ni kwamba povu halihesabiwi. Mtoto akitema katika kichupa, utaona mate yamefika alama ya tatu, utafurahi, utafunga kifuniko. Ngoja. Kisimamishe kichupa kwenye barafu, ukae nacho kimya kwa muda. Povu litashuka, nawe utagundua kuwa ulichonacho hakifiki hata alama ya kwanza. Nimewaona wenye shahada nzuri kuliko yangu wakiandika povu katika daftari, kisha wakikesha na majibu yasiyoeleweka.

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na mitatu mjini Kakamega, katika kituo kidogo cha utafiti ambacho sitakitaja kwa jina, kwa kuwa waliobaki pale hawakunituma kuwasemea. Nilistaafu mapema, mwaka jana, nikiwa na miaka hamsini na miwili. Tulikuwa tunatafuta chanjo ya kuzuia maambukizi ya kinywa, hasa yale yanayoanza kama tundu dogo kwenye jino la mtoto na kuishia pabaya. Hatukuipata. Nawaambia hili mapema ili msisome mkitarajia shangwe mwishoni. Ninachotaka kuwasimulia ni majuma machache ambayo chanjo hiyo ilikuwa imefanikiwa, mtu aliyenifundisha kazi akafurahi kwa namna ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima, na ikawa juu yangu kuamua kama nitamnyang'anya furaha hiyo.

Ni kazi ya upweke, afadhali mjue. Anayetafiti malaria akijitambulisha katika harusi, watu humsogezea kiti. Mimi nilitambulishwa kama "dada yetu wa mambo ya hospitali", na mazungumzo yakahamia kwa mwingine. Kaka yangu aliniuliza kila Krismasi, "Hata mwaka huu bado ni mate?" Vijana wa bodaboda waliniita Mama Mate. "Mama Mate, leo umebeba nini kwa hilo sanduku? Si utupatie soda moja?" Nilicheka nao, kwa sababu siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee niliyoambiwa na mtu tangu asubuhi. Niliwahi kuolewa; ndoa ile ilivunjika kwa sababu zake, na sitaisingizia maabara. Lakini baada ya hapo nilikula obusuma, ugali wa kwetu, peke yangu katika nyumba ya kupanga huko Lurambi, nikisikiliza taarifa ya habari kutoka televisheni ya jirani, na simu yangu ilikuwa na mtu mmoja tu aliyepiga bila shida maalumu, kuuliza kama nimekula.

Mtu huyo alikuwa Daktari Ambetsa, mkuu wa mradi wetu. Aliniita binti, ingawa alinizidi miaka kumi na mitano tu. Alikuwa mtu wa maneno machache na shati jeupe, na kila alilonifundisha alinifundisha baada ya mimi kuliharibu. Mwezi wangu wa kwanza niliandika majina kwenye vichupa kwa kalamu ya wino, nikavitia katika barafu, barafu ikayeyuka, na tulipofika kituoni sanduku lilikuwa na maji ya buluu na vichupa thelathini visivyo na wenyewe. Nilidhani atanifukuza. Alivitazama, akasema, "Sasa, binti, hawa anawajua Mungu peke yake. Kuanzia kesho, penseli."

Ni yeye pia aliyenifundisha kutomwambia mtoto atoe mate. Ukimwambia, kinywa kinakauka papo hapo, hata kama dakika iliyopita alikuwa akitema kila mahali. Kaa mbele yake, kata limau, ule wewe, taratibu, bila kusema neno. Kinywa chake kitajaa chenyewe. Njia hiyo haijawahi kunishinda. Ila nimekula ndimu na malimau mengi kiasi kwamba meno yangu ya mbele yamelika, na chai ya moto inanitoa machozi. Miaka ishirini na mitatu ya kulinda meno ya wengine, na yangu ndiyo hayo.

Kwa nini Daktari alichagua kinywa, alinieleza mara moja tu, tukiwa tunapanga vichupa, bila kuinua macho. Alikuwa na dada, Agnes, aliyemfuata kuzaliwa. "Lilikuwa jino la chini, la nyuma," alisema. "Jumatatu ni jino. Alhamisi shingo imevimba, hawezi kumeza. Jumamosi tukamzika. Watu waliokuja matangani walikuwa wanauliza, amekufa na nini? Tukisema jino, wanafikiri tunaficha kitu." Aliendelea kupanga vichupa. Hakulirudia tena jambo hilo, nami sikumwuliza.

Chanjo yetu ilikuwa matone ya puani. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza: matone yanaufundisha mwili kutengeneza kingamwili, yaani askari wake wadogo, askari hao wanatoka pamoja na mate na kuwazuia vijidudu wasishike kwenye jino. Ili kujua kama wapo, tulitumia sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo. Unatia mate, unatia dawa, unasubiri muda uliopangwa. Kama kingamwili wapo, maji yanageuka manjano. Wakiwa wengi, manjano inakolea. Wakiwa hawapo, maji hubaki maji.

Tuliwachukua watoto wachache wa miaka minane hadi kumi kutoka vijiji vya Navakholo, nje ya mji, kwa ridhaa ya wazazi wao. Kwa kuwa ilikuwa hatua ya mwanzo, kila mtoto alilinganishwa na yeye mwenyewe: mate ya kabla ya matone na mate ya baada. Ya kabla tuliyachukua shuleni, nikiwa nimekaa na limau langu mbele ya darasa. Yalipofika majira ya kuchukua ya baada, uvunaji wa miwa ulikuwa umepamba moto. Watoto waliokota vipande vilivyodondoka kutoka kwenye trela, wakafika shuleni wakitafuna, na mate yao yalikuwa mazito na matamu kama sharubati. Vipimo viliharibika siku baada ya siku.

Hapo ndipo nilipotoa wazo nililoliona la busara. Nilipendekeza tuwape vichupa waende navyo nyumbani, mtoto ateme alfajiri kabla ya kutia kitu kinywani, nami nizunguke kwa bodaboda kuvikusanya. Daktari alilipenda. Aliandika katika ripoti kwamba wazo ni langu. Nami, mtu ambaye ndugu zake hawaelewi kazi yake, nilisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa.

Majibu yalitoka manjano. Si manjano ya kubahatisha. Manjano ya kiini cha yai la kienyeji, kishimo baada ya kishimo. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaketi kwenye stuli. Saa sita alimtuma mtu kununua ingokho, kuku mzima aliyepikwa, tukamla kwa mikono juu ya meza ya ofisi, jambo ambalo sheria za kituo zilikataza na yeye ndiye aliyeziandika. "Agnes angekuwa na wajukuu sasa," alisema huku akinitengea finyango. Juma lile lile aliwaandikia wafadhili, nao wakajibu kuwa watakuja kujionea. Ilikuwa imebaki awamu moja ya kukusanya, ya kuthibitisha.

Katika awamu hiyo nilifungua kichupa cha mtoto mmoja wa kike, Mercy, mwenye miaka minane, na kikanuka ugoro.

Nilikinusa tena. Pengine mngekitupa mkaandika "kimeharibika", daftari linaruhusu. Mimi nilidhani mtoto ameanza tabia mbaya, nikapanda bodaboda hadi Navakholo nikiwa nimejiandaa kumgombeza mtu. Mercy aliishi na bibi yake, Kukhu Nanjala, mama wa watu mwenye mikono mikubwa, ambaye nilimkuta uani akipepeta maharagwe.

"Mulembe, kukhu."

"Mulembe muno. Mama Mate, kwani siku imefika tena? Si chupa nilikupatia juzi?"

"Ulinipatia. Kukhu, Mercy anatumianga ugoro?"

Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Huyu? Huyu hata chai ikiwekwa tangawizi analianga!"

"Basi chupa yake inanuka ugoro kwa nini?"

Kicheko kikaisha. Alinisogezea kigoda kwa mguu. "Keti. Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Wa Shinyalu, kukhu."

"Na huko Shinyalu hukufundishwa? Mate ya mtoto unachukua, unaweka kwa friji. Ukienda kulala, unajua nani anafungua hiyo friji?"

"Lakini uliweka kidole kwa karatasi. Ulikubali."

"Nilikubali matone. Matone ni dawa. Mate ni mtu." Alichota ugoro kidogo, akauvuta, akafuta pua. "Ile ya kwanza mlichukua huko shule, sisi hatuko. Tuliongea sana hapa, wamama wote. Halafu ukaleta chupa nyumbani wewe mwenyewe. Tukasema, asante Mungu."

"Kwa hivyo ulitema wewe."

"Nilitema mimi. Ulisema ijae, si ilijaa? Yangu hata wakiroga, wataroga nini? Meno imeisha, mzee alienda, magoti ndiyo haya unaona. Chukua, niko na mengi. Na usinikasirikie mimi peke yangu. Uliza wenzangu."

Niliwauliza. Nilitembea nyumba kwa nyumba siku mbili, na zaidi ya nusu walikiri bila haya: mama, bibi, shangazi. Katika nyumba moja walikuwa wamechanga, kila mtu mzima tone lake, kama mchango wa harambee. Hakuna aliyenidanganya kwa ubaya. Walikuwa wameweka miili yao mbele ya watoto wao. Na mtu mzima, kwa kuwa ameishi na vijidudu vile tangu utotoni, ana kingamwili tele bila chanjo yoyote. Manjano ile nzuri ilikuwa ya akina bibi.

Nataka mlielewe kosa langu vizuri, kwa sababu si kosa la asiyejua. Nilipokwenda chuo kikuu, babu yangu alinitemea mate kifuani, taratibu, akitaja majina ya waliotangulia, na nilisimama wima nikayapokea kama baraka kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Mama yangu hakuturuhusu kutema njiani penye watu tusiowajua. Nilikuwa na elimu hiyo yote kabla ya kujua neno maabara. Mgeni kutoka mbali angesamehewa kudhani kuwa bibi wa Navakholo atampa mtu mate ya mjukuu wake kama anavyompa maji ya kunywa. Mimi nilivaa koti jeupe nikajifanya mgeni.

Nilinyamaza siku tisa.

Ningependa kusema nilikuwa nahakikisha. Sikuwa nahakikisha chochote. Kila siku Daktari alipita mezani kwangu na karatasi za kuwaonyesha wafadhili, akiniuliza kama rangi hii ya mchoro inafaa au ile. Jioni alinipigia. "Binti, umekula?" Nilijibu nimekula. Nilijua kuwa nikisema, chanjo itaondoka na sauti hiyo pia. Hilo ndilo lililonifunga mdomo: si heshima ya kituo wala kazi yangu, ila kwamba simu ingenyamaza. Nililinganisha watoto wa nchi nzima na upweke wa mwanamke mmoja wa Lurambi, na kwa siku tisa upweke wangu ulionekana mzito zaidi. Ninyi mtakaosoma haya mna umri wa kudhani kwamba hamtafanya hivyo.

Siku ya kumi nilimfuata ofisini asubuhi, kabla hajavua koti.

"Daktari, yale mate si ya watoto."

Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na bibi zao."

Alikwenda dirishani. Nje mtu wa usafi alikuwa akifagia majani. "Ungeweza kukosa kunusa," alisema bila kugeuka.

"Ningeweza."

"Ugoro, huko Navakholo. Hata koti langu lingenuka."

"Ni kweli, Daktari."

"Wageni wanakuja mwezi ujao."

"Najua. Niruhusu nichukue upya, nikiwa na kila mtoto mwenyewe. Pengine matone yanafanya kazi. Hatujui bado."

Aligeuka, akavua koti, akalitundika. "Nenda basi, Madam," alisema. "Chukua."

Hakuwa amewahi kuniita Madam. Tangu siku hiyo hakuniita kwa neno lingine. Jioni simu haikulia, na kesho yake pia haikulia. Wenzangu walipojua kwamba safari ya wafadhili imeahirishwa kwa sababu yangu, walianza kunywa chai saa tofauti na yangu. Hakuna aliyenitukana. Vikombe vyao tu nilivikuta vimeshaoshwa.

Nilirudi kwa Kukhu Nanjala, nikamwambia ukweli: kwamba nikikosa mate ya Mercy mwenyewe, hatutajua kamwe kama dawa aliyopewa ina maana, na ikiwa haina maana tutaipeleka kwa watoto wengine tukiwadanganya. Alifikiri, akaingia ndani, akatoka na chupa tupu ya mafuta ya kujipaka, safi, imeoshwa.

"Tema wewe kwanza."

"Mimi?"

"Wewe. Yako ibaki hapa kwangu, ya mtoto uende nayo. Mtoto akiumwa, nitajua pa kuanzia. Ukimaliza kazi, urudishe iliyobaki, nami nakurudishia yako. Tunamwaga pamoja hapa."

Nilitema. Bibi akashikilia chupa juu kwenye mwanga, akaipima kwa macho. "Hiyo ni povu. Ongeza."

Habari zilinitangulia. Kila nyumba niliyofika, chupa ilikuwa imeshaoshwa na kunisubiri. Nilitema Navakholo nzima, vijana. Kufikia nyumba za mwisho ulimi wangu ulikuwa mkavu kama gunia, ikabidi mama mmoja akate limau mbele yangu, ale yeye, huku wenziwe wakinicheka. Huo ndio utaratibu bora wa kuchukua ridhaa ambao nimewahi kuuona, na hauko katika fomu yoyote. Nilipolala usiku ule nilifikiria mate yangu yakiwa juu ya kabati za watu ambao sikuwajua vizuri, na niliona ajabu kwamba nilijisikia kuwa na jamaa.

Vipimo nilivifanya peke yangu, alasiri ya siku ya Ijumaa, kwa sababu hakuna aliyejitolea kunisaidia. Nilipanga ya kabla upande wa kushoto wa sahani na ya baada upande wa kulia. Nikatia dawa. Nikawasha saa. Nje mvua ya Kakamega ilikuwa imeanza, ile ya kila siku baada ya chakula cha mchana, na bati la maabara lilinguruma.

Muda uliopangwa ukafika. Kushoto palikuwa maji. Kulia palikuwa maji.

Kanuni ni kusoma papo hapo. Sikusoma. Niliegemea meza, uso karibu na sahani hata pumzi yangu ikaipiga, nikingoja. Nilijua kuwa ukichelewesha, dawa yenyewe huanza kujigeuza na kukupa rangi ya uongo, na nilikuwa tayari kuipokea hiyo pia. Haikuja.

Nikampigia. Aliitikia mlio wa kwanza; alikuwa amekaa karibu na simu.

"Daktari, nimemaliza."

"Sema."

"Hakuna rangi."

"Sikusikii. Mvua."

"Hakuna rangi!"

"Madam, sema kwa nguvu!"

Nikasimama katikati ya maabara tupu nikapiga ukelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: "Hakuna rangi, Daktari! Hakuna! Hakuna hata kwa mmoja!"

Nikasikia akivuta pumzi. Nikasikia kiti kikisogezwa.

"Umesubiri muda kamili?" akauliza.

"Nimezidisha dakika kumi."



"Hizo kumi zisikusumbue, lakini usizifiche," akasema. "Ziandike pia." Akakata simu.

Nikavuta daftari. Niliandika saa niliyopaswa kusoma na saa niliyosoma, na mbele yake sababu, ambayo ni neno moja, nalo ni kutumaini. Kisha nikaanza kuandika majibu, kishimo cha kwanza.